Nyumba ya mawe Bromyard, au ya matofali karibu na stesheni?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na mume wangu ni wauguzi Hereford, magharibi mwa England. Vibali vyetu ni vya kudumu. Tumepanga Leominster, na kodi inapanda kila mwaka. Sasa tumeona nyumba ya kale ya mawe, vyumba viwili, kijijini nje ya Bromyard, pauni 265,000. Ndugu zetu wa London wanasema hiyo ni bei ya bure. Tuichukue?
Msomaji, Leominster

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao ndugu wanaipima kwa bei za kwao. Wewe ipime kwa mishahara yenu. Muuguzi anayeanza alilipwa pauni 31,049 kwa mwaka 2025/26, na benki kwa kawaida hukopesha kama mara nne na nusu ya kipato. Kwa mshahara huo, mmoja peke yake hafiki hata pauni 140,000. Mkiwa wawili mnakaribia 279,000, basi mkopo mtaupata. Lakini akija mtoto, mmoja wenu akapunguza zamu, deni halitapungua naye.

Ushuru wa stempu usikutishe: anayenunua nyumba ya kwanza halipi kitu mpaka pauni 300,000. Kinachonitia wasiwasi ni hayo mawe yenyewe. Mimi nakaa kijijini karibu na Kington, ukuta wangu ni wa namna hiyo hiyo. Hauna uwazi katikati wa kujaza kizuia-baridi. Februari ukiegemeza kiganja juu ya kitanda, unyevu unabaki mkononi. Bomba la gesi halifiki huku. Nyuma ya jiko kuna tangi la mafuta ya kupasha nyumba joto, na lori kwa kawaida halileti chini ya lita 500, tena unalipa zote kwa mkupuo. Usafiri nao: reli ya Bromyard ilifungwa mwaka 1964. Zamu ya saa moja na nusu asubuhi itawadai magari mawili, bima mbili. Leominster mna treni mpaka Hereford. Mimi ningebaki huko, nitafute nyumba ya matofali yenye gesi, hata kama bustani ni ndogo.

Mbona nyumba za kijijini ni ghali hivyo na kazi zenyewe haba? Wastaafu wanauza nyumba kusini-mashariki wanakuja na fedha taslimu. Nyingine zimegeuzwa za wageni wa likizo. Na nyumba za halmashauri, tangu sheria ya 1980 iwaruhusu wapangaji kuzinunua, zimeuzwa kwa wingi bila kujengwa za kutosha badala yake. Inaniuma kuona anayemwogesha mzee wa kijiji hana uwezo wa kulala kijiji hicho.

Kama moyo wenu uko kijijini kweli, ulizeni halmashauri na vyama vya nyumba (mashirika ya nyumba za bei nafuu) kuhusu kununua sehemu ya nyumba. Mnanunua hata asilimia 10 mkiweza, iliyobaki mnailipia kodi. Nje ya London kipato cha nyumba nzima kisizidi pauni 80,000. Baadhi ya hizo zimetengewa anayeishi, anayefanya kazi au mwenye ndugu hapo, kwa hiyo elezeni uhusiano wenu mapema. Na kama hamjatimiza miaka 40, kila mmoja afungue akaunti ya akiba iitwayo Lifetime ISA: ukiweka pauni 4,000 kwa mwaka serikali inaongeza 1,000. Iwe imetimiza mwaka mmoja kabla ya kununulia nyumba.

Mkirudi kuiangalia hiyo ya Bromyard, msiishie kwa dalali. Mwombeni mwenye nyumba risiti za mafuta za baridi iliyopita, na karatasi za shimo la maji taka. Shimo linalomwaga moja kwa moja kijitoni haliruhusiwi tena tangu 2020, na kulibadilisha ni maelfu ya pauni. Mkaguzi wenu wa majengo aingie hadi darini. England ofa haimfungi mtu mpaka mnunuzi na muuzaji wabadilishane mikataba iliyotiwa saini, kwa hiyo mkaguzi akikuta kasoro, bado mna nafasi ya kushusha bei au kuondoka.