Mimi nilitia sahihi kupinga nyumba ya wazee, Tanga

Mleta uzi, umeuliza kama utie sahihi barua ya kupinga nyumba ya kutunzia wazee inayotaka kujengwa mtaani kwenu, Sahare. Mimi ni mtu wa Raskazone, hapa hapa Tanga, na barua ya namna hiyo niliwahi kuitia sahihi. Jina langu lilikuwa la tatu.

Jirani yetu alitaka kugeuza nyumba aliyoachiwa na baba yake iwe ya wazee 12, walipiwe na watoto wao. Mkutano wa mtaa ukajaa kuliko siku ya kugawa vyandarua. Mmoja akasema magari ya wanaokuja kutazama wazazi yataziba njia. Mwingine akasema kila wiki tutakuwa na msiba na turubai barabarani (sisi ambao harusi moja tunaifungia barabara siku tatu!). Mstaafu mmoja akaleta Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, kwamba mtunzaji wa mzee kwanza ni familia. Kisha akasimama mzee wetu wa barazani, wa kahawa: "Jamani, watu watasema Raskazone ndiko wanakotupwa wazazi." Makofi. Kalamu zikazunguka.

Ilikuwa aibu tu, mkuu, magari yalisingiziwa. Na aibu yenyewe haina msingi hapa kwetu: makazi ya wazee ya Serikali yapo Mwanzange, ndani ya jiji hili hili, na watu wanaishi. Jirani akachoka, nyumba akaipangisha. Leo ni gesti, magari mpaka alfajiri, na hakuna aliyezungusha barua.

Mwaka uliofuata mama mkubwa akapata kiharusi. Akalazwa hospitali ya Bombo, akaruhusiwa, nikamleta kwangu. Muuguzi alituambia asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, la sivyo ngozi inakufa pale mfupa unapokandamiza. Kusikia ni rahisi. Mke wangu kazini, mimi dukani, watoto shule. Dada wa kazi wa kwanza alikaa wiki tatu, wa pili siku nne. Usiku tulitega kengele kwenye simu, na nakiri ile ya saa tisa niliizima mara nyingi nikalala. Kidonda tulikijua kwa harufu. Kilikuwa chini ya kiuno, kimeshachimba.

Hakuna aliyemtupa. Alikuwa chumba cha pili kutoka changu, na shuka safi. Nilipokuwa nakisafisha kile kidonda nikamkumbuka jirani: alichotaka kuleta mtaani ni watu wanaolipwa kukesha.

Sisemi ukubali kila kitu. Kiwanja cha makazi hakigeuzwi kwa kupenda. Mwenyewe anaomba halmashauri ya jiji abadilishiwe matumizi, tangazo linatolewa, na majirani wana nafasi ya kupinga kwa maandishi. Basi pinga la kupingika. Maji taka kwanza: wazee wakiwa 12 kama wale wa kwetu, na wauguzi wao, mashuka yanafuliwa kila siku, shimo la maji taka la nyumba ya familia litabeba? Tena waoneshe gari la kunyonya litaingilia wapi, na la wagonjwa litageuzia wapi. Umeme ukikatika, mwenye mashine ya oksijeni anafanywaje? Afisa ustawi wa jamii anakuja kukagua, au atapigiwa simu mambo yakishaharibika? Na usiulize wauguzi wangapi, kwa sababu utatajiwa wa mchana. Uliza saa tisa usiku yuko macho nani, na ana wazee wangapi wa kugeuza. Sisi hatukuuliza hata moja.

Majibu ukiyapata yalete hapa, hasa hilo la usiku. Mama yangu mzazi sasa ana miaka 78, na toka kwangu hadi Sahare ni mwendo wa baiskeli.