Gesi Imejazwa Mara Mbili, Baridi Bado Inakatika Mchana

SWALI: Ndugu Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Gari langu dogo, lililoletwa nchini likiwa limeshatumika Japani, hutoa baridi nzuri asubuhi, lakini jua likipanda, baada ya mwendo wa nusu saa hivi, kiyoyozi huanza kupuliza hewa ya joto ilhali taa ya swichi yake ingali inawaka. Nikiliegesha kivulini kwa saa moja, baridi hurudi. Gereji moja imenijazia gesi mara mbili ndani ya miezi minne na hali ni ile ile. Sasa naambiwa ninunue kompresa nyingine. Je, ni lazima?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Tafadhali usinunue kwanza kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya kiyoyozi. Maelezo yako yamebeba nusu ya jibu, kwa sababu gesi iliyopungua hairudi kwa kupumzishwa kivulini. Gari linalovuja gesi hupoteza baridi siku hadi siku, asubuhi na mchana, lakini lako hupona kila linapopoa, na tabia hiyo mara nyingi ni ya umeme. Inaniuma kuona gesi ikijazwa ovyo namna hii, kwani R134a, gesi inayotumika kwenye viyoyozi vya magari mengi, ni miongoni mwa gesi ambazo mataifa yalikubaliana mjini Kigali mwaka 2016 kupunguza matumizi yake kutokana na jinsi zinavyoongeza joto la dunia, tena kujaza kupita kiasi hupandisha presha na kuichosha kompresa.

Umeme wa klachi ya kompresa, yaani kishikio cha sumaku kinachoiunganisha kompresa na puli ya injini, hutoka kwenye betri, ukapita kwenye fyuzi na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme), ukaingia kwenye koili ya klachi (waya uliozungushwa unaogeuka sumaku), kisha ukarudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Rilei nayo hainasi mpaka kompyuta ya gari iruhusu, na kompyuta hairuhusu kabla ya kupata habari za swichi ya presha na za kihisio cha joto kilichopo kwenye evapoleta, sehemu inayopoza hewa ya ndani ya gari. Ile taa unayoiona kwenye dashibodi huonyesha tu kwamba umeomba baridi. Haithibitishi kwamba kompresa inafanya kazi.

Kwa hiyo, siku baridi itakapokatika, usizime injini. Egesha, vuta breki ya mkono, fungua boneti, na nguo wala mikono visikaribie mkanda. Tazama uso wa kompresa. Puli inayovutwa na mkanda huzunguka wakati wote, kiyoyozi kikiwa kimewashwa au kimezimwa. Ya kutazamwa ni sahani ya chuma iliyo mbele ya puli hiyo. Klachi inaposhika husikika mlio mmoja mkavu, “tak”, na sahani huzunguka pamoja na puli. Tazama pia feni ya kondensa, ile rejeta ya kiyoyozi iliyo mbele ya gari. Ikiwa imesimama, presha hupanda hadi swichi ikakata ili mabomba yasipasuke, na dalili yake ni baridi kupotea kwenye foleni na kurudi gari likiwa kwenye mwendo.

Ikiwa feni inazunguka vizuri lakini sahani imetulia, mwombe fundi umeme apime volti kwenye waya wa klachi wakati huo huo hitilafu ipo, na plagi ikiwa imechomekwa. Sharti hili la plagi ndilo mafundi wengi hulipuuza. Wakiichomoa plagi wakapima waya mtupu, mita huonyesha volti 12 kamili hata kama njiani kuna kiungo kilichooza, kwa kuwa hakuna mzigo unaovutwa. Ni kama bomba lililojaa kutu ambalo lina presha hadi unapofungua koki, yakatoka matone. Injini ikiwa inanguruma, volti kwenye klachi zinapaswa kukaribia zile za betri, yaani 13.5 hadi 14.4. Akikuta 9 au 10, umeme unapotelea njiani. Hapo achomoe rilei na kuitazama miguu yake. Magari yetu ya pwani yanapigwa na hewa ya chumvi, na hivi karibuni nilichomoa rilei iliyokuwa safi kabisa kwa juu, kumbe mguu wake mmoja una ukoga wa kijani na plastiki inayouzunguka imegeuka kahawia kwa kuungua. Akikuta sifuri, abadilishane rilei hiyo na nyingine ya aina ile ile iliyo kwenye kisanduku hicho, kisha ndipo aigeukie swichi ya presha. Asiikwepe swichi hiyo kwa kuunganisha waya zake moja kwa moja na kukuachia gari hivyo, hata akikuhakikishia kwamba hakuna tatizo.

Kwa dalili zako, mimi namshuku zaidi mhusika wa mwisho: volti zimefika zote, lakini sahani haishiki. Koili ya klachi nyingi ina ukinzani, yaani kiasi inachozuia umeme kupita, wa omu 3 hadi 5 ikiwa baridi. Ikipata joto kali la injini, ukinzani huongezeka kwa karibu theluthi, umeme unaopita hupungua, na sumaku hudhoofika. Sahani iliyokwisha kulika huwa imeachana na puli kuliko inavyotakiwa; asubuhi sumaku bado ina nguvu ya kuivuta, mchana haiwezi. Katika magari mengi nafasi hiyo ni milimita 0.3 hadi 0.6, na hupimwa kwa fila, yaani vibapa vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi, injini ikiwa imezimwa. Ikizidi, fundi hufungua sahani na kutoa washa moja nyembamba iliyo ndani. Koili ikiwa imeungua, klachi huuzwa peke yake, bila kompresa. Maelezo haya yote ni ya kompresa zenye klachi. Baadhi ya magari mapya hayana, na hayo yanahitaji mashine ya kusoma kompyuta.

SWALI: Feni ya ndani ya gari langu inapuliza ikiwa namba 4 tu. Namba 1 hadi 3 ni kimya. Je, mota imekufa? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Mota ni nzima, ndiyo maana namba 4 inafanya kazi. Kilichokatika ni rezista ya feni, kifaa kinachopunguza umeme ili feni izunguke polepole, ambacho namba 4 haikipitii. Kwa kawaida rezista hiyo imefungwa karibu na mota, nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Kabla ya kufunga mpya, kagua plagi yake kama imeyeyuka, na uzungushe feni kwa mkono. Ikiwa nzito, itaiunguza rezista mpya pia.