Sumu ya Panya Stoo, na Dawa ya Mbwa kwa Paka

SWALI: Daktari, jana jioni tulimkuta mbwa wetu akitafuna pakiti ya sumu ya panya tuliyoificha stoo, nyuma ya magunia. Leo anakula na kucheza kama kawaida. Jirani ametushauri tumpe maziwa. Je, tumpe, au hatari imekwisha kupita?

JIBU: Hatari haijapita, na maziwa msimpe. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo leo hii mkiwa na pakiti yenyewe, hata kama kilichosalia ni kipande chenye maandishi tu, kwa kuwa sumu za panya si za aina moja na tiba hufuata kemikali iliyomo.

Nyingi, kama zile zenye brodifakumu, huuzuia mwili kuirejesha vitamini K katika hali ya kutumika, na bila hiyo ini haliwezi kutengeneza viini vya kugandisha damu. Viini vilivyokuwamo mwilini kabla ya sumu huendelea kufanya kazi kwa muda, ndiyo maana mbwa aliyeila jana anaonekana mzima leo. Kwa kawaida dalili hujitokeza kati ya siku ya 3 na ya 7: fizi hupauka, mnyama huchoka, huhema kwa shida au hutokwa damu puani, na wakati huo huenda damu imekwisha kuvujia kifuani. Akiwahiwa, hupewa vitamini K1, mara nyingi kwa wiki 4 hivi, kisha damu hupimwa siku 2 hadi 3 baada ya dozi ya mwisho. Msiikatishe dozi kwa kuwa tu ameanza kubweka kwa nguvu.

Sumu yenye zinki fosfidi ni jambo jingine kabisa, na vitamini K haiisaidii. Hiyo ikikutana na asidi ya tumboni hutoa gesi yenye sumu, na chakula huchochea asidi zaidi. Hapo maziwa ya jirani, pamoja na nia yake njema, yanaweza kuongeza madhara. Mbwa akitapika garini, fungueni madirisha yote, maana gesi hiyo huwadhuru watu pia. Wala msimtapishe kwa maji ya chumvi, kwani chumvi nyingi nayo ni sumu kwa mbwa.

SWALI: Paka wangu amejaa viroboto. Nina dawa ya kudondoshea mgongoni iliyobaki ya mbwa. Naweza kumpaka kidogo tu?

JIBU: Usimpake hata tone. Dawa nyingi za namna hiyo zina permethrini, ambayo mbwa huistahimili, lakini ini la paka huivunja polepole mno, hivyo paka hutetemeka na kupatwa na degedege. Ukiwa umekwisha kumpaka, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunike asipate baridi, kisha mwahishe kwa daktari. Kwa udhaifu huohuo wa ini, kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka: fizi hugeuka rangi ya kahawia, na uso na miguu huvimba. Na kama nyumbani mna mbwa pia, siku mnapompaka dawa yake watenganisheni hadi manyoya yakauke, kwa sababu paka humlamba rafiki yake bila kuuliza amepakwa nini.