Chatu anatapika panya

SWALI: Nafuga chatu kwa kibali, Kisasa, Dodoma, nikitaka wazaliane. Jike wa miezi minane nampa panya kila siku ya nne akue upesi, lakini tangu Juni anawatapika. Tatizo nini?

JIBU: Baridi, pamoja na haraka yako. Usiku wa Juni na Julai huko hushuka hadi nyuzi joto 14 hivi, na chatu asiyepata joto hasagi chakula. Panya huozea tumboni, kisha hurudi mzimamzima, manyoya yameloa, akinuka vibaya.

Upande mmoja wa kizimba uwe nyuzi 31 hadi 33, usiku pia. Kwa siku 14 mpe maji tu; tumbo lililotapika huwa limechubuka. Halafu anza na panya nusu ya ukubwa wa kawaida. Akitulia, mlo mmoja kila siku 7 hadi 10 unatosha, panya asizidi unene wa kiwiliwili chake. Usimshike kwa saa 48 baada ya kula.

Habari ya kumnenepesha ili azae mapema, achana nayo: jike mwenye mafuta mengi hukwamwa na mayai. Mpime uzito kila mwezi, usimpandishe kabla ya miaka mitatu. Akitapika tena, daktari wa mifugo.