Oktoba au Julai kwa picha za Ziwa Kivu

Ndugu, kwa picha za Ziwa Kivu kutoka vilima vya Bukavu, mashariki mwa Kongo, chagua Oktoba, si Julai. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, njia huwa kavu na rahisi kupanda, lakini vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa hutanda juu ya maji hata kisiwa cha Idjwi na milima ya Rwanda iliyo ng'ambo vikafifia katika ukungu mkavu. Mvua zikirudi Septemba husafisha anga, na asubuhi inayofuata mvua ya usiku unaweza kuhesabu migomba kwenye mteremko wa pili. Nimepanda huko misimu yote miwili, na picha zangu za Julai karibu zote zimetoka za kijivu.

Uwe juu kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu jua huchomoza upande wa Rwanda na ndipo wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, wanaporudi, mitumbwi yao mitatu mitatu ikiwa imefungwa pamoja kwa miti, fito ndefu za nyavu zikitokeza mbele na nyuma. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote. Teremka kabla ya adhuhuri, maana mvua hupenda kuja mchana na udongo wetu mwekundu huteleza vibaya sana. Kamera usiielekeze kamwe kwenye daraja la mpakani la Ruzizi wala kwa askari, na uwaulize wenyeji hali ya usalama siku ileile unayopanda.