Kiendeshi cha Sauti Kimekujibu, Je, Umelisoma Jibu?

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, na nimeandika kwa lugha ya C programu ndogo inayowachezea wanafunzi matamshi ya maneno niliyoyarekodi mwenyewe. Kompyuta zote mbili nilizonazo zinatumia mfumo wa uendeshaji wa OpenBSD. Kwenye ile ya mezani sauti inatoka kama nilivyoirekodi, lakini kwenye kompyuta mpakato, ambayo ni ya zamani zaidi, sauti yangu inakuwa nyembamba na maneno yanakimbia. Programu inafungua /dev/audio0, inaomba kwa AUDIO_SETPAR, amri ya kuweka vigezo vya sauti, sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde, chaneli mbili na biti 16, na hairudishiwi kosa lolote. Nilidhani faida ya kiolesura kisichotegemea kifaa ni kwamba programu ileile ifanye kazi ileile kila mahali. Kosa liko kwangu au kwenye kiendeshi, ile programu ya mfumo inayoiongoza kadi ya sauti?

JIBU: Ndugu Mwalimu, kosa liko kwenye mstari ambao haumo katika programu yako. Umeomba, lakini hukusoma ulichopewa.

Kabla ya kugusa programu, fanya jaribio moja. Chukua rekodi yenye urefu wa dakika moja kamili, uicheze kwenye ile kompyuta mpakato, na uitazame saa. Ikiwa itakwisha sekunde ya 55 ikiwa imepita kidogo tu, chanzo tumekipata: sampuli zilizorekodiwa kwa kasi ya 44,100 zinachezwa kwa kasi ya 48,000. Hesabu yake ni 60 mara 44,100 gawanya kwa 48,000, nayo inatoa sekunde 55.125. Kila sauti nayo inapanda kwa asilimia 8.8, na ndiyo sababu mwanafunzi anasikia sauti ya mtu mwenye kifua chembamba kuliko chako. Jaribio hili halihitaji chombo chochote, na mimi hulifanya kwanza kila ninapoletewa malalamiko ya namna hii, kwa sababu namba inayotoka kwenye saa humwambia mtu moja kwa moja ni kigezo kipi kimekwenda kombo. Rekodi ingekwisha katika nusu ya muda wake, kwa mfano, ningekwambia tazama chaneli: huenda umetuma chaneli moja kwa kifaa kinachosoma mbili.

Sababu ya 48,000 si siri. Kompyuta nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuwa na kodeki (chipu zinazogeuza namba kuwa sauti) za AC'97, mfumo ambao Intel iliutoa mwaka 1997. Mfumo huo ulizitaka kodeki zifanye kazi kwa kasi ya 48,000, na kasi nyingine zikaachwa ziwe hiari ya mtengenezaji. Kodeki isiyo na hiari hiyo haiwezi kabisa kwenda kwa 44,100, hata uiombe mara ngapi. Sasa kiendeshi kifanye nini? Kingeweza kukukatalia, na programu yako ingekufa palepale mbele ya darasa. Waliokiandika waliamua kikupe kilicho karibu zaidi na ulichoomba, na kikuwekee njia ya kujua umepewa nini. Naona uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwa sababu programu yenye akili inaweza kubadilisha sampuli zake yenyewe ikishajua ukweli, ilhali programu iliyokataliwa haina la kufanya.

Kwa hiyo naomba tulisome upya neno lenyewe. Kiolesura kisichotegemea kifaa hakikuahidi kwamba kadi zote za sauti zitafanana. Ahadi yake ni kwamba utaziuliza zote kwa maneno yaleyale, na zote zitakujibu kwa maneno yaleyale. Anayeuliza bila kusikiliza jibu ametumia nusu tu ya kiolesura.

Nusu ya pili ni mstari wa mwisho hapa:

struct audio_swpar p;
AUDIO_INITPAR(&p);
p.rate = 44100;
p.pchan = 2;
p.bits = 16;
p.sig = 1;
ioctl(fd, AUDIO_SETPAR, &p);
ioctl(fd, AUDIO_GETPAR, &p);

(Nimeacha kukagua makosa ya ioctl, wito wa kuzungumza na kiendeshi, ili mistari isiwe mingi, wewe usiache.) Baada ya AUDIO_GETPAR, kilichomo ndani ya p si tena maombi yako, ni hali halisi ya kifaa. Linganisha p.rate, p.pchan, p.bits, p.sig (kama sampuli zina alama ya hasi na chanya) na p.le (mpangilio wa baiti), kimoja kimoja, na vile ambavyo faili lako linahitaji. Tofauti ya kasi isiyofikia nusu ya asilimia mimi huiacha ipite, maana sikio halitaitambua katika matamshi. Tofauti kubwa kuliko hiyo lazima ishughulikiwe.

Nimetaja p.bits, na hapa pana shimo ambalo limewameza wengi. Idadi ya biti na idadi ya baiti ni vigezo viwili tofauti, bits na bps. Kifaa kinaweza kukujibu kwamba kinatumia biti 24 katika baiti 4, maana yake kila sampuli ina nafasi ya biti 32 na 8 kati yake ni tupu. Biti tupu zimekaa upande gani, wa juu au wa chini? Jibu liko kwenye kigezo cha msb: kikiwa 1, biti zako 24 zimesukumwa upande wa juu. Ukizipanga chini wakati kifaa kinazitarajia juu, sauti inapungua mara 256, na utaongeza sauti ya spika hadi mwisho ukidhani waya umekatika. Niliwahi kupoteza usiku mzima hivyo, nikibadilisha spika na kuikagua rekodi tena na tena, wakati jibu lilikuwa ndani ya kigezo kimoja ambacho sikukichapisha kwenye skrini. Tangu siku hiyo kila programu yangu ya sauti ina njia ya kuchapisha vigezo vyote baada ya AUDIO_GETPAR, na nakuhimiza ufanye vivyo hivyo.

Umeuliza pia, kwa namna fulani, kwa nini mambo yawe magumu hivi. Hayakuanza hivi. Kompyuta ya Sun SPARCstation 1 ya mwaka 1989 ilikuwa na /dev/audio ambayo ilijua muundo mmoja tu: sampuli 8,000 kwa sekunde, biti 8, kwa msimbo wa mu-law unaotumika kwenye simu. Mtu aliweza kulielekeza faili la sauti kwenye /dev/audio kwa amri ya cat, na sauti ikatoka. Hakukuwa na cha kuuliza kwa kuwa hakukuwa na cha kuchagua. Kadi zilipokuwa nyingi na za kila aina, mazungumzo kati ya programu na kiendeshi yakawa ya lazima, na kila mfumo ukayaandika kwa namna yake. Hannu Savolainen wa Ufini, aliyeanza kuandika kiendeshi cha Sound Blaster kwa ajili ya Linux mwaka 1992, aliweka katika kazi iliyokuja kuitwa OSS amri ya SNDCTL_DSP_SPEED: unaipa anwani ya namba uitakayo, nayo inaandika juu ya namba hiyohiyo kasi iliyopatikana. FreeBSD inaitumia njia hiyo hadi leo kupitia /dev/dsp. Majina ni tofauti, mapatano ni yaleyale, na mwenye kosa kama lako angelikuta huko pia.

Ushauri wangu kwa programu ya darasani, hata hivyo, ni kwamba uache kabisa kufungua /dev/audio0 kwa mkono. Tumia maktaba ya sndio, ambayo imekuwamo ndani ya OpenBSD tangu toleo la 4.5 la mwaka 2009. Ukiita sio_open kwa jina la SIO_DEVANY, kwa kawaida utazungumza na seva ya sndiod, nayo ndiyo inayobadilisha kasi na muundo wa sampuli ili vilingane na kadi. Hiyo tu ingemaliza tatizo lako la 48,000. Isitoshe, kifaa kikifunguliwa moja kwa moja hakitoi nafasi kwa mwingine, ilhali sndiod inachanganya sauti za programu kadhaa, kwa hiyo somo lako halitakataa kuanza kwa sababu tu kivinjari kinacheza kitu. Hata huko, baada ya sio_setpar ita sio_getpar na ulinganishe. Kuna siku mtu ataiendesha programu yako kwa rsnd/0, jina linaloipita seva na kwenda moja kwa moja kwenye kadi, na hapo utarudi kwenye ukweli uleule wa kodeki. Sndio imehamishiwa pia Linux na FreeBSD, kwa hiyo kazi yako haitafungwa kwenye mfumo mmoja.

SWALI: Salaam aleikum. Naandika kutoka Mombasa. Programu yangu inatumia sndio na inacheza neno moja moja mtumiaji anapobonyeza. Niliomba bafa, yaani akiba ya sauti, ya sekunde nzima ili sauti isikatike. Maneno marefu yanasikika, lakini neno fupi kama "maji" halisikiki mpaka mtu abonyeze neno la pili, na hapo yanatoka yote mawili yakifuatana. Sampuli zote zimepokelewa na sio_write. Zinakaa wapi?

JIBU: Waaleikum salaam. Zinakaa pale ulipozikaribisha, ndani ya bafa, zikisubiri wenzake. Baada ya sio_start, uchezaji hauanzi mara tu sampuli ya kwanza inapofika; unaanza bafa inapojaa, yaani fremu (sampuli moja kwa kila chaneli) zilizoandikwa zinapofikia idadi iliyomo katika kigezo cha appbufsz. Wewe umeomba sekunde nzima, na neno "maji" mtu hulitamka kwa chini ya sekunde. Bafa haikujaa, kwa hiyo hakuna kilichoanza. Neno la pili lilipoingia bafa ikajaa, na yote mawili yakatoka.

Utaratibu huu una sababu nzuri: kuanza na bafa iliyojaa kunaipa programu muda wa kupumua kabla ya kuhitajika tena. Dawa yake kwako ni sio_stop. Wengi wanaiogopa kwa sababu ya jina, wakidhani inatupa kilichobaki, lakini inafanya kinyume: kama kuna sampuli zinazosubiri na uchezaji haujaanza, inaulazimisha uanze, inangoja bafa iishe, ndipo inaposimama. Hakuna sampuli inayotupwa. Kwa hiyo kwa kila neno ita sio_start, sio_write, kisha sio_stop. Unaweza pia kujazia kimya hadi bafa ijae, ila kumbuka kwamba kimya ni sifuri kwa sampuli zenye alama ya hasi na chanya tu. Kwa biti 8 zisizo na alama kimya ni 128, na ukijaza sifuri utasikia mlio wa "tak" unaokera. Ningependelea sio_stop.

Na bafa ya sekunde nzima ni kubwa mno kwa programu inayojibu kidole cha mtu. Bloku (fungu) ya fremu 480 kwa kasi ya 48,000 ni milisekunde 10. Bafa yenye bloku kumi hivi, milisekunde 100, inatosha sana kwa kazi yako.

SWALI: Nimeongeza sehemu ya kurekodi ili mwanafunzi ajisikie. Faili linaandikwa, urefu wake ni sahihi, lakini nikilifungua kwa hexdump, inayoonyesha baiti za faili, naona sifuri tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Maikrofoni ni nzima.

JIBU: Programu yako nayo ni nzima. Tangu OpenBSD 6.4 ya Oktoba 2018, kerneli, kiini cha mfumo, inatoa kimya kwa kila anayerekodi mpaka mwenye mashine aruhusu, ili programu isimsikilize mtu bila yeye kujua. Hakuna kosa linalorudishwa. Zinarudi sifuri, kwa kasi na urefu ulioomba, kama ulivyoona. Kama root (msimamizi wa mashine), andika sysctl kern.audio.record=1 na ujaribu tena. Unaweza kuuweka mstari wa kern.audio.record=1 katika /etc/sysctl.conf ili udumu baada ya kompyuta kuwashwa upya, lakini kwa mashine inayotumiwa na wanafunzi wengi nakuomba usifanye hivyo: iruhusu kipindi kinapoanza, na uirudishe kuwa 0 kipindi kinapokwisha.