Jeraha la vita usilishone siku ya kwanza

Daktari kijana anayejiandaa kwenda Kongo na kikosi chetu cha kulinda amani aliniuliza juzi abebe nini. Nikamtajia viatu, tochi na chandarua. Usiku usingizi haukuja, kwa sababu la muhimu kuliko yote sikumwambia.

Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, nilikuwa na mwaka mmoja tu katika kazi ya udaktari. Nilishapasua ngiri na kuunga mifupa ya watu walioanguka minazini. Kidonda cha kombora sikuwahi kukiona.

Machi 1979 tukawa nyuma ya wapiganaji wetu, Lukaya, pale barabara ya Kampala inapokatiza kinamasi. Majeruhi waliletwa hemani wakiwa wamelowa tope mpaka kifuani. Mmoja alikuwa na kipande cha chuma pajani. Karabai ikivuma juu ya kichwa changu, nilitoa chuma, nikatoa na kitambaa cha suruali kilichoingia nacho. Nikaosha, nikashona nyuzi kumi na moja zilizolingana vizuri. Niliridhika.

Siku ya tatu paja lilikuwa limevimba, ngozi imegeuka rangi ya shaba. Ukibonyeza, unasikia hewa ikichakarika chini ya vidole. Harufu yake ilikutangulia mlangoni. Tulimkata mguu karibu na nyonga ili abaki hai.

Sasa sikiliza, mwanangu. Chuma chenye kasi huua nyama pana kuliko tundu unaloliona, na hubeba uchafu mpaka ndani. Ukishona, umewafungia vijidudu mahali pasipo na hewa, na hapo ndipo wanapostawi. Panua jeraha. Bana nyama kwa koleo: iliyo hai hujikunja, na ukiikata hutoa damu, iliyokufa hulala tu. Iondoe yote, hata kama mkono unasita. Osha kwa maji mengi, weka shashi bila kuisokomeza, funga bandeji, kisha acha. Siku ya nne au ya tano fungua. Kukiwa safi ndipo ushone. Uso una taratibu zake, na tundu la kifua linalovuta hewa lazima lizibwe mara moja. Sindano ya pepopunda usiisahau.

Wakiletwa wengi kwa pamoja, usimkimbilie anayepiga kelele. Mtafute aliyenyamaza. Na ukifunga mkanda wa kuzuia damu, andika saa kwenye paji la uso wa majeruhi, kwa sababu karatasi hulowa na kupotea.

Adui naye mtibu kwa zamu yake. Walibya walipigana upande wa Amin pale Lukaya, na mateka wao mmoja aliletwa kwetu akiomba maji kwa Kiarabu. Nilisoma madrasa Tanga, kwa hiyo neno hilo nililielewa. Nilimlowesha midomo tu, maana tumbo lake lilikuwa limetobolewa. Mpaka leo nasikia sauti yake.

Yule kijana wa paja nilikutana naye Mwanza mwaka 1984, akishona nguo barazani kwa cherehani ya mkono. Alinitambua kabla sijamtambua. Aliegemea gongo akasimama, akanishika mikono yote miwili, akawaambia wateja wake kwamba huyu ndiye daktari aliyemwokoa. Sikuweza kumwambia habari za zile nyuzi kumi na moja.